Timu haishindi na nyumba imegawanyika: je, nilipie tiketi za msimu mwingine?

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Nakuandikia kutoka Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Mimi ni Mkongo, mzaliwa wa Uvira, niliyekulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa huku pamoja na mke wangu kama wakimbizi. Watu wa kwanza kunipokea kwa moyo mweupe walikuwa wenzangu wa kiwandani, na hao ndio walionifundisha kuipenda Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa kofia ngumu kichwani na mpira wenye ncha mbili. Baadaye nikamvuta na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na tangu hapo tumekuwa tukichangia gharama za tiketi mbili za msimu mzima.

Mwaka 2024 timu ilishinda mechi 3 na kupoteza 14. Mwaka 2025 ikashinda 5 na kupoteza 12, na mara msimu ulipokwisha kocha Kevin Stefanski akafutwa kazi. Taarifa ya kulipia tiketi upya imekwisha kufika, na safari hii mimi na shemeji hatuelewani hata kidogo. Yeye anasema kwamba anayeendelea kulipa anamzawadia mmiliki kwa kushindwa, na kwamba viti vikibaki vitupu mwaka mmoja tu, familia ya Haslam italazimika ama kuajiri watu wanaoijua kazi ama kuiuza timu. Mimi namjibu kwamba anayekuja siku za ushindi peke yake si shabiki, ni mpita njia. Desemba alikuwa akiomba tufungwe ili tupate nafasi ya juu katika uteuzi wa wachezaji wapya. Tulipowafunga Pittsburgh Steelers, wapinzani wetu wa jadi, mimi niliruka kwa furaha, naye akainuka na kuondoka bila kuaga. Majuma machache baadaye tulirushiana maneno mazito mbele ya wageni kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, na hadi leo tunasalimiana kwa shida.

Yako mengine mawili. Binti yangu Furaha, aliyeanza chuo mwaka huu, hajavaa jezi ya Browns tangu Machi 2022, timu ilipomleta mchezaji Deshaun Watson. Wakati ule alikuwa na miaka 14, akaniuliza kama wanawake wote wale zaidi ya 20 waliomtuhumu ni waongo. Nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya mahakama. Kijana wangu wa miaka 11 naye anachekwa shuleni, na sasa anataka jezi ya Kansas City Chiefs. Shemeji amemwahidi kumnunulia, na nadhani amefanya hivyo ili kunichoma.

Nilipe au nisilipe? Na je, shemeji yangu ana haki?

Baba Furaha, Cleveland

JIBU

Ndugu Baba Furaha,

Nitaanza na jibu, kisha nitoe sababu zake: msizilipie tiketi za msimu ujao, na usiache kuwa shabiki wa Browns. Najua kwamba kwa pale mlipoufikisha ubishi wenu majibu hayo mawili yanaonekana kupingana, kwa maana wewe umemwambia shemeji kwamba asiyelipa si shabiki, naye amekwambia kwamba anayelipa ni mshirika wa mmiliki, na kwa kufanya hivyo wote wawili mmekubaliana, pengine bila kujua, juu ya jambo ambalo si kweli: kwamba timu na mwenye timu ni kitu kimoja.

Mji mnaoishi unaweza kulikanusha jambo hilo kuliko mji mwingine wowote wa Marekani. Tarehe 6 Novemba 1995 mmiliki wa wakati huo, Art Modell, alitangaza kwamba anaihamishia timu Baltimore. Siku iliyofuata wapiga kura wa kaunti ya Cuyahoga, ulimo mji wenu, waliidhinisha kuongezwa muda wa kodi ya pombe na sigara ili uwanja wa timu hiyohiyo ukarabatiwe, na waliidhinisha wakijua kwamba mwenye timu amekwisha kuwapa kisogo. Mji ukaenda mahakamani, mashabiki wakapaza sauti nchi nzima, na mapema mwaka 1996 yakafikiwa makubaliano yasiyo ya kawaida katika michezo ya kulipwa: Modell aende na wachezaji na wafanyakazi wake, lakini jina, rangi na kumbukumbu zote za tangu 1946 zibaki Cleveland kuingojea timu mpya, ambayo ilianza kucheza mwaka 1999. Timu iliyohama ikaitwa Baltimore Ravens, nayo imekwisha kutwaa Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, mara mbili, jambo ambalo najua linawauma wenzako wa kiwandani hadi leo. Lakini misimu tisa ya Jim Brown, mchezaji nyota wa zamani wa Browns, na ubingwa wa Desemba 1964, walipowafunga Baltimore Colts 27-0, havikuondoka. Vilibaki kwa sababu watu wasiomiliki hata hisa moja walikataa kukubali kwamba si vyao.

Kwa hiyo unapoketi Jumapili na kuwashangilia wale vijana wenye kofia za rangi ya machungwa, unashiriki kitu ambacho mmiliki mmoja alishindwa kuondoka nacho, na wala huhitaji risiti ya kukuthibitisha. Vilevile ninakuomba umwondolee shemeji yako lile neno la mpita njia. Browns haijawahi kucheza Super Bowl hata moja, na ubingwa wake wa mwisho ni ule wa 1964, maana yake ni kwamba hakuna mtu aliye chini ya umri wa miaka 60 mjini humo ambaye amewahi kuishi siku za ubingwa. Mashabiki wote mnaokutana nao ni wa siku za shida, pamoja na yeye. Mtu asiyejali hainuki na kuondoka bila kuaga kwa sababu ya mechi ya Desemba.

Sasa niizungumzie hoja yake, kwa sababu inastahili kupimwa kwa uzito. Hasira yake ni ya haki, ila hesabu yake haifiki anakotaka ifike. Sisi tunaofuatilia Ligi Kuu ya Tanzania tumezoea kwamba timu inayovurunda msimu mzima hushuka daraja, na kushuka huko humuumiza kila mtu kuanzia mwenyekiti. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani ambamo Browns inacheza, haina daraja la kushukia. Timu 32 zilizopo mwaka huu ndizo zitakazokuwapo mwakani, na fedha za televisheni za kitaifa, ambazo kwa mikataba ya miaka 11 iliyoanza 2023 zinazidi dola bilioni 100, hugawanywa sawasawa kwa timu zote, iliyoshinda mechi 14 na iliyoshinda 3. Wala mashabiki hawana mkutano mkuu wa wanachama ambako wangemhoji mwenye timu na kumng'oa, kama tulivyozoea kusikia kwenye klabu zetu kongwe. Green Bay Packers peke yake ndiyo inayomilikiwa na maelfu ya wanahisa wa kawaida, na kanuni za ligi haziruhusu timu nyingine kuufuata mfumo huo. Viti viwili vikibaki vitupu, hata viti elfu mbili, biashara itaendelea. Mnaweza kuacha kulipa kwa sababu tu hamridhiki na mahali fedha yenu inakokwenda, na hiyo ni sababu tosha kwa watu wanaoitolea jasho kiwandani. Lakini mkiacha kwa kutarajia kwamba mmiliki atatikisika, mtaongeza kukata tamaa juu ya hasira.

Iko sehemu moja ambako sauti ya mkazi ina nguvu, nayo ni fedha za umma. Mwaka 2025 jimbo la Ohio lilitenga dola milioni 600, zitokazo kwenye fedha ambazo wenyewe hawajazidai, yaani akaunti zilizosahauliwa na malipo yasiyochukuliwa, ili kusaidia ujenzi wa uwanja mpya wenye paa huko Brook Park, karibu na uwanja wa ndege, katika mradi unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 2.4. Mtu anaweza kuiunga mkono hatua hiyo au kuipinga, na shemeji yako hakika ataipinga. Basi amwandikie mwakilishi wake, ahudhurie mikutano ya halmashauri, na kama amekwisha kupata uraia, apige kura. Historia ya 1995 na 1996 inaonyesha kwamba mashabiki wa Cleveland walipata walichokipata pale waliposimama kama wakazi na walipakodi.

Nije kwenye ule ugomvi wa Desemba, wa kuomba kufungwa ili mpate nafasi ya juu katika uteuzi. Wazo hilo lina mantiki yake, kwa sababu timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo huchagua kwanza, na hakuna shabiki wa Browns anayeweza kulaumiwa kwa kulifikiria. Hata hivyo timu yenu imekwisha kuijaribu dawa hiyo kwa kipimo kikubwa kuliko karibu timu yoyote. Mwaka 2016 ilishinda mechi moja kati ya 16, na mwaka 2017 haikushinda hata moja, hadi maelfu ya mashabiki wakajitokeza Januari 2018 katika baridi kali kuuzunguka uwanja kwa maandamano ya kupinga, huku wakichangia benki ya chakula ya mji. (Maandamano hayo nayataja makusudi: kupinga na kupenda vilikwenda pamoja siku hiyo.) Malipo ya mateso yale yalikuwa kuchagua mchezaji wa kwanza kabisa miaka miwili mfululizo. Wa kwanza alikuwa Myles Garrett, ambaye mwaka 2025 aliweka rekodi ya ligi kwa kumwangusha mrushaji wa wapinzani mara 23 katika msimu mmoja, na timu yake bado ikapoteza mechi 12. Wa pili alikuwa Baker Mayfield, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, aliyeiwezesha Browns kuifunga Pittsburgh 48-37 katika hatua ya mtoano Januari 2021, kisha baada ya msimu mmoja uliofuata akaondolewa na kwenda kuchanua kwingine, huko Tampa Bay.

Lakini kuna jambo la tatu katika uteuzi wa 2017 ambalo ningependa mlizungumze mkiwa mmetulia. Browns ilikuwa pia na nafasi ya 12 mwaka huo. Ikaiuza kwa Houston Texans, na Houston wakaitumia nafasi hiyohiyo kumchagua Deshaun Watson. Miaka mitano baadaye Browns ikawapa Houston nafasi tatu za raundi ya kwanza na nyingine juu yake ili kumpata mtu ambaye iliacha kumchukua ilipokuwa na uwezo, ikampa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote zikiwa zimehakikishwa. Hapo tatizo halikuwa uhaba wa nafasi za juu. Tangu timu irejee mwaka 1999 imewaanzisha makwotabeki zaidi ya 40, idadi inayoonyesha uongozi usioweza kumwamini mtu kwa muda wa kutosha wala kumtambua anayestahili kuaminiwa. Stefanski mwenyewe alichaguliwa kocha bora wa mwaka mara mbili, 2020 na 2023, na kwa maoni yangu amebebeshwa sehemu kubwa ya mzigo wa uamuzi uliofanywa na wakubwa wake. Watazameni majirani zenu Detroit Lions, nao walipoteza mechi zote 16 mwaka 2008. Walipomwajiri kocha Dan Campbell mwaka 2021 alishinda mechi 3, mwaka uliofuata akaanza kwa kushinda moja kati ya saba, na wenye timu wakamwacha aendelee. Januari 2024 wakashinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1992. Kwa hiyo shangilia Steelers wanapofungwa, bila kuona aibu. Ushindi ule haukuharibu chochote ambacho uongozi wenyewe usingeweza kukiharibu.

Sasa jambo ambalo umelitaja kwa mistari michache, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Wanawake zaidi ya 20 walifungua mashauri ya madai dhidi ya Watson, wakimtuhumu kwa mwenendo mbaya wa kingono wakati wa huduma ya masaji. Yeye alikana. Majopo mawili ya raia wanaopima ushahidi huko Texas yaliamua kwamba asifunguliwe mashtaka ya jinai, mashauri karibu yote ya madai yakamalizwa kwa makubaliano, na ligi ikamfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Unaweza kumweleza Furaha hayo yote kwa usahihi na bado utakuwa hujamjibu, kwa sababu swali lake halikuwa la sheria. Msichana wa miaka 14 alitaka kujua kama baba yake, mtu anayemwamini kuliko wote, huyaona maneno ya wanawake kuwa jambo dogo pale yanapogongana na kitu anachokipenda. Ukamwambia ni mambo ya mahakama. Amekaa na jibu hilo kwa miaka karibu minne, na jezi iliyobaki kabatini ndiyo namna yake ya kukukumbusha kwamba bado anangoja.

Tafuta wakati mkiwa wawili, umwambie unachofikiri wewe. Usimweleze kwamba hata Haslam amekiri hadharani, mwaka 2025, kwamba dau lile halikufaulu, kwa kuwa kukiri huko kulihusu kushindwa uwanjani. Watson amecheza mechi 19 tu katika misimu minne, akafungiwa na kuumia tena na tena, na hata kama angecheza zote na kuleta ubingwa, swali la Furaha lingebaki palepale. Mwambie kwamba unaipenda timu ya mji uliokupokea na kwamba uamuzi ule wa 2022 uliupokea namna gani moyoni, uwe ulikuumiza au ulijaribu kutoutazama. Usimwombe avae jezi tena. Akitaka siku moja atavaa, na asipotaka, Browns ya nyumbani kwenu haitapungukiwa na kitu kwa binti mwenye msimamo.

Kuhusu kijana, sina mengi. Mtoto wa miaka 11 anayechekwa shuleni anatafuta kuhesabiwa miongoni mwa wenzake, na Chiefs walitwaa ubingwa mara tatu katika kipindi ambacho yeye amekuwa akikua. Mruhusu aipende timu anayoitaka. Ila jezi hiyo inunuliwe na wewe na mama yake, wala isitoke mkononi mwa mjomba wake wakati huu, kwa sababu haifai mtoto atumiwe katika ugomvi wa watu wazima wawili.

Mama yake nimemtaja, na hapo pana jambo lililonishangaza katika barua yako: hukueleza hata kwa neno moja yeye anaonaje. Fedha hizo zinatoka kwenye mfuko wa nyumba yake, na anayegombana nawe ni mdogo wake wa damu. Mke wako anaweza kumwita na kumketisha kwa namna ambayo wewe kama shemeji huwezi. Nadhani pia anajua, pengine kuliko wewe, kwamba tiketi zile zilikuwa zaidi ya mchezo kwenu. Watu wawili waliotoka mbali walipata mahali pa kukaa bega kwa bega kila Jumapili katika mji wa ugenini, wakapiga kelele pamoja na wenyeji na kuonekana kuwa wa hapo. Naamini hicho ndicho unachokilinda unaposema utalipa, na ndicho shemeji anachokililia anaposema ameibiwa.

Ndiyo maana nasema msilipe. Tiketi mlizozichangia kwa mapatano ya watu wawili hazifai kulipiwa na mmoja kwa shingo upande, na fedha hiyo ikibaki itawatosha kwenda pamoja kwenye mechi mbili au tatu mtakazozichagua, mkinunua kwa mashabiki wanaouza viti vyao, ambavyo kwa kawaida hushuka bei timu inapofanya vibaya. Mechi nyingine zitazameni nyumbani. Kabla hujaruhusu tarehe ya mwisho ipite, iulize ofisi ya tiketi kwa maandishi kama kuacha kulipa kunafuta haki yenu ya viti hivyo na kama kunawaondolea nafasi katika foleni ya viti vya Brook Park, kwa sababu uwanja huo umepangwa kufunguliwa 2029 na huenda jibu la swali hilo likawa na uzito kwa shemeji kuliko anavyodhani leo. Majibu yakifika, mpelekee wewe mwenyewe, nyumbani kwake, bila wageni, na kabla ya kufungua habari ya tiketi umwombe radhi kwa yale mliyoambiana mbele za watu kwenye ubatizo. Wewe ndiye uliyemwingiza katika timu hii, na mke wako ni dada yake mkubwa. Hatua ya kwanza ni yako.